Uji wa Ngazi ya Pili

Sirinji ya mililita 10 huondolewa pampu yake. Nesi huziba tundu la chini kwa kidole, huijaza kinywaji kilichotiwa unga wa kukifanya kiwe kizito, huachia kidole, kisha huhesabu sekunde 10. Zikibaki mililita kati ya 1 na 4, hicho ni kinywaji cha ngazi ya kwanza. Zikibaki kati ya 4 na 8, ni cha ngazi ya pili. Zikizidi 8 na bado kinadondoka, ni cha tatu. Kisipodondoka kabisa, sirinji haina kazi tena na kijiko huchukua zamu. Hata sirinji yenyewe haiokotwi tu kabatini: urefu wa alama zake, kuanzia sifuri hadi 10, lazima uwe milimita 61.5.

Kwa mtu aliyekulia Kisumu au Tanga, shughuli hii inachekesha kidogo. Uji hupimwa kwa jicho na mwiko. Kuna mwepesi wa mtoto, kuna uji wa mzazi wenye pilipili manga, na hakuna mama aliyewahi kuusimamia kwa saa. Lakini mzee aliyepigwa na kiharusi koo lake huweza kusahau kazi yake. Chai, kwa wepesi wake, humtangulia. Inaingia njia ya pumzi badala ya njia ya chakula, inatua mapafuni, na baada ya siku chache anaugua nimonia. Ndiyo maana Uingereza, tangu 2019, hospitali na nyumba za wazee zinatumia vipimo vya kimataifa vya IDDSI, vyenye ngazi kuanzia 0 hadi 7, kuamua nani anywe nini na nani ale kilichosagwa kiasi gani.

Nesi wa Kenya anayekwenda kufanya kazi huko hujifunza hilo akiwa kazini, si kwenye mtihani unaompa leseni. Na hapo ndipo penye kisa cha makala haya.

Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa ajira ya wauguzi Julai 2021, na kundi la kwanza likaondoka mwaka uliofuata. Mwanzo haukuwa mwepesi. Mwaka 2022 aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kati ya watahiniwa 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Watu walishtuka, maana wauguzi wa Kenya husoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi. Ila mtihani wa IELTS unadai alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza na 6.5 katika kuandika, na kuandika kwenyewe ni insha ya hoja, si taarifa ya mgonjwa. Mtu anaweza kuzalisha mama usiku kucha kwa tochi ya simu na bado akakwama kwenye insha.

Anayevuka kizingiti hicho anakutana na Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, NMC. Zamani baraza hilo lilitaka mgeni afunzwe kwanza. Hadi 2014, muuguzi aliyesomea nje ya Ulaya alipitia programu maalumu: siku 20 za masomo, na kwa wengi miezi kadhaa ya kufanya kazi chini ya msimamizi aliyemtazama mikono kila siku. Mwaka huo utaratibu ukabadilika, ukaja mtihani wa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hufanyika kwenye kompyuta, hata mtu akiwa Nairobi. Ya pili ni OSCE, mtihani wa vitendo ambao wauguzi wenyewe huutamka "oski", nao hufanyika Uingereza tu, katika vituo vya miji kama Northampton, Oxford, Leeds na Newcastle. Kwa lugha nyepesi, dola iliacha kumfunza mgeni ikaanza kumpima. Mafunzo yakabaki mikononi mwa mwajiri, na waajiri hawalingani.

OSCE ina vituo 10. Katika vinne vya kwanza mtahiniwa hufuata hatua za uuguzi: anamkagua mgonjwa, anaandika mpango wa huduma, anatoa dawa, anaandika ripoti ya kumkabidhi kwa wengine. Vingine ni vya ustadi wa mikono, kama kutoa mpira wa mkojo, kuchoma sindano chini ya ngozi, kusafisha kidonda bila kukigusa kwa vidole, kufufua moyo uliosimama. Viwili vya mwisho, vilivyoongezwa 2021, vinapima maadili na uwezo wa kusoma utafiti. Wagonjwa ni waigizaji au masanamu ya plastiki. Ada yake kwa miaka ya karibuni ni paundi 794, ambazo waajiri wengi hulipia kwa jaribio la kwanza. Majaribio ni matatu. Ukianguka yote, maombi yanafungwa na unasubiri miezi sita.

Kinachowaangusha wengi hapo ni ukimya. Muuguzi wa hospitali ya wilaya aliyezoea wodi ya watu 40 hufanya kazi kwa macho. Ameona mgonjwa anahema vibaya, ameshamkalisha, ameshaita daktari, na hajasema neno. OSCE haimpi alama kwa alichokiona kimoyomoyo. Anatakiwa atamke: nanawa mikono, nakuuliza jina lako na tarehe yako ya kuzaliwa, naangalia bangili yako, nakuuliza kama una mzio wa dawa yoyote, nakuomba ruhusa nikushike. Asiposema, hajafanya. Kwa hiyo wiki za maandalizi hospitalini hutumika kuwafundisha watu wazima, wengine wenye miaka 15 kazini, kuzungumza na sanamu.

Katika kipindi hicho cha kungoja, nesi huyo huwekwa kwenye daraja la msaidizi. Sheria ya viza inamtaka afanye OSCE ndani ya miezi mitatu tangu kuanza kazi, na awe amesajiliwa ndani ya miezi minane. Hadi wakati huo hagawi dawa. Aliyekuwa akisimamia wodi nzima Machakos sasa anamwita binti wa miaka 22 aje ampe mzee kidonge cha panadol. Namba ya usajili, ambayo kila mtu huiita PIN, ikifika, herufi yake ya mwisho ni O, alama ya kwamba mwenye namba alisomea ng'ambo. Atastaafu nayo.

Basi amefaulu mtihani, PIN imekuja, na kesho yake anapelekwa kwa wazee.

Si kwa bahati mbaya. Katika sensa ya 2021, watu wa miaka 65 na zaidi walikuwa asilimia 18.6 ya wakazi wa England na Wales, kiasi cha milioni 11. Kenya, katika sensa ya 2019, ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi kati ya milioni 47.6. Aliyesomea uuguzi Kenya alifundishwa kwa nchi yenye watoto: chanjo, malaria, uzazi, ajali za bodaboda. Mzee akilazwa, binti yake hulala chini ya kitanda, humwogesha, humletea chakula kwenye hotpoti, na nesi huja na sindano. Sasa nesi huyohuyo anakuta nyumba ya wazee 50, wengi wa miaka 80 na 90, ambako kuoga, kula, kujisaidia na kulala ni sehemu ya uuguzi, na ambako binti huja Jumapili.

Pia kuna historia ambayo vipeperushi vya mawakala havitaji. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza ilipoanza 1948 na kuita wasichana kutoka Karibi na makoloni, wengi wao walisukumwa kwenye daraja la chini la usajili, lenye mafunzo mafupi na cheti ambacho nchi nyingi walizotoka hazikukitambua. Wodi walizopangiwa mara nyingi zilikuwa za wazee na za wagonjwa wa akili, zile ambazo wenyeji hawakuzigombea. Kuwatunza wazee kulionekana kazi ya mikono isiyo na elimu.

Kumbe elimu ilikuwepo, na iliyoigundua ilikuwa mikono iliyokubali kazi hiyo. Mwaka 1935 daktari Marjory Warren, katika hospitali ya West Middlesex, alikabidhiwa wagonjwa zaidi ya 700 wa muda mrefu waliotoka kwenye nyumba ya maskini. Walilala tu, wakingoja kufa. Aliwapima mmoja mmoja, akapaka wodi rangi, akawanunulia viti, akawaamsha. Wengi wakasimama, baadhi wakarudi makwao. Miaka ya baadaye muuguzi Doreen Norton alichunguza vidonda vya kulalia. Enzi zile kila wodi ilikuwa na dawa yake ya kupaka mgongoni na matakoni: spiriti, poda, krimu, hata yai. Ripoti ya Norton na wenzake ya 1962 ilionyesha kwamba kilichozuia vidonda ni kumgeuza mgonjwa mara kwa mara, si kumpaka. Kipimo chake cha hatari ya vidonda kikazaa vingine, kikiwemo cha Judy Waterlow cha 1985, ambacho wauguzi wengi wa leo Uingereza wanakijua kwa moyo.

Tumfuate basi nesi wetu, ambaye hana jina kwa sababu ni wengi, katika wiki zake za kwanza kwenye nyumba ya wazee.

Somo la kwanza ni jina. Amelelewa kwamba mtu wa umri wa bibi yake haitwi jina lake. Anaamkiwa shikamoo, anaitwa bibi, mama fulani, nyanya. Mkufunzi anamwambia amuulize kila mkazi anapenda kuitwaje, aliandike, na alitumie. Mwanamke wa miaka 91 anajibu: Peggy. Wiki nzima jina hilo linamkaa nesi kooni kama mwiba wa samaki. Kumwita "mama" kwa heshima kunaweza kusikika kama anamfanya mtoto, na "mpenzi" ndiyo kabisa, mkaguzi akisikia ataandika. Mwingine, mwalimu mkuu mstaafu, hataki kabisa kuitwa jina la kwanza; anataka Bibi Fulani kwa ukoo wa mumewe, na nesi wa Kiafrika anampenda papo hapo.

Somo la pili ni kutenganisha vitu viwili ambavyo huko nyumbani watu huvifunga furushi moja na kuviita uzee. Dimentia huja polepole, kwa miaka. Lakini mzee aliyekuwa akicheza karata Jumatatu, na Jumatano haijui nyumba aliyomo, hajazeeka kwa siku mbili. Huko ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, na nyuma yake kuna kitu: maambukizi, kufunga choo, maumivu, kukaukiwa maji, dawa mpya. Kipimo cha 4AT huchukua dakika chache. Nesi hutazama kama mzee yuko macho sawasawa, humuuliza umri wake, tarehe ya kuzaliwa, mahali alipo na mwaka gani huu, kisha humwomba ataje miezi kinyumenyume kuanzia Desemba, na mwisho huulizia kama hali imebadilika ghafla. Alama 4 au zaidi ni kengele. Hata chati ya NEWS2, inayojumlisha pumzi, oksijeni, presha, mapigo, joto na ufahamu, tangu 2017 huupa mchanganyiko mpya wa akili alama 3 peke yake, na hizo zinatosha kumwita mtu wa kumkagua mgonjwa haraka.

Hapa wageni wengi hushikwa na tabia waliyokuja nayo, ambayo hata wenyeji wanayo: mzee amechanganyikiwa, basi chovya karatasi ya kupimia mkojo, ikigeuka rangi, omba antibiotiki. Mwongozo wa Uingereza unakataza kuitegemea karatasi hiyo kwa wenye zaidi ya miaka 65. Wazee wengi wana bakteria kwenye kibofu bila ugonjwa wowote. Karatasi itasema ndiyo, dawa itatolewa bure, na sababu halisi, pengine kidonge kipya cha usingizi, itaendelea kufanya kazi yake. Nesi hufundishwa kumtazama mzee kabla ya kutazama mkojo wake.

Presha nayo hupimwa kwa namna mpya. Mzee anayeanguka anguka hapimwi mara moja akiwa amekaa. Analala dakika tano, anapimwa. Anasimama, anapimwa ndani ya dakika ya kwanza. Anaendelea kusimama, anapimwa tena dakika ya tatu. Ile namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huenda zulia au mguu mbovu umesingiziwa. Mara nyingi mkosaji ni dawa ya presha yenyewe.

Lakini kinachowakata watu maini ni sheria. Sheria ya Uwezo wa Kuamua ya 2005, inayotumika England na Wales, inaanza kwa kumchukulia kila mtu mzima kuwa anaweza kujiamulia mpaka ithibitishwe vingine. Inataka asaidiwe kwanza kuamua, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara haumfanyi mtu kuwa hana uwezo. Asipokuwa na uwezo kweli, linaloamuliwa liwe kwa faida yake, na kwa njia inayomnyima uhuru kidogo iwezekanavyo.

Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kwenye meza ya chakula, mzee mwenye kisukari anaomba kipande cha pili cha keki. Nesi aliyeona miguu ikikatwa Kakamega anataka kukiondoa. Hawezi. Anatakiwa amweleze madhara, ahakikishe ameelewa, anaweza kulishikilia jambo kichwani na kulipima, na anaweza kusema anachotaka. Akiweza hayo manne, keki ni yake. Nesi anaandika, anapima sukari, anapanga na daktari. Mwanawe akipiga simu kukataza, sauti yake inasikilizwa lakini haimfuti mzee. Kwa aliyezoea kikao cha ukoo pembeni ya kitanda, ambako kaka mkubwa ndiye anayezungumza na daktari, hii ni dunia nyingine. Na si lazima aipende ili aifuate.

Hivyohivyo kwa dawa. Kusaga kidonge na kukifukia kwenye ndizi, jambo ambalo bibi wengi wa Afrika Mashariki wamefanyiwa kwa upendo, huko halifanywi kimyakimya. Kwa mwenye uwezo wa kukataa, ni marufuku. Kwa asiye nao, kinaitishwa kikao, anaulizwa mfamasia kama kidonge hicho kinavumilia kusagwa, na uamuzi unaandikwa.

Na kumwogesha mwenye dimentia anayepiga kelele? Mwanasaikolojia Tom Kitwood wa Bradford, katika kitabu chake cha 1997, alihoji kwamba sehemu ya kinachoitwa ugonjwa husababishwa na namna watu wanavyomtendea mgonjwa: kumharakisha, kumpuuza, kuzungumza juu ya kichwa chake. Kwa vitendo, maana yake ni kumwacha, kurudi baada ya nusu saa na taulo lenye joto, na kujua kwamba aliwahi kuwa mkunga na hapendi kushikwa kutoka nyuma. Shirika la Alzheimer's Society lina kijikaratasi cha kuyaandika mambo kama hayo. Kinafaa kama kimejazwa, na nyumba yenye upungufu wa watu hukiacha kitupu.

Elimu haitiririki upande mmoja. Uganda ina hospisi ya Kampala iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman 1993, na tangu 2004 sheria yake inawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Nesi aliyepitia mikono hiyo akiingia nyumba ya wazee ya Kiingereza, haogopi chupa ya mofini, haogopi kukaa na anayekata roho, na anajua kuongea na ndugu. Wenzake waliosomea hapohapo mara nyingine ndio wanaomtazama ili wajifunze. Lakini fomu ya OSCE haina kisanduku cha kulirekodi hilo.

Anayefikiria kwenda ajue mambo machache. Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zimo katika orodha ya WHO ya nchi 55 ya mwaka 2023 zenye uhaba mkubwa wa watumishi wa afya, na Uingereza hairuhusu waajiri wake kuzunguka huko wakitafuta watu. Anayeomba mwenyewe hazuiwi. Wakala akidai ada ya kukupatia kazi, anavunja kanuni za Uingereza zenyewe. Na asichanganye uuguzi na kazi ya mhudumu wa wazee: mlango wa viza kwa wahudumu wapya kutoka nje ulifungwa Julai 2025, wa wauguzi ukabaki.

Swali la kumuuliza mwajiri, kabla ya lile la mshahara, ni nani atakayekufunza baada ya PIN, kwa miezi mingapi, na kama utaachwa usiku peke yako na wakazi 50 wiki ya pili. Tangu siku zile 20 za masomo na miezi ya usimamizi ziondolewe, jibu linategemea nyumba uliyoangukia. Kuna zenye mkufunzi, zamu za kumfuata mwenzako na muda wa kuuliza. Kuna zinazokukabidhi funguo za kabati la dawa.

Wakati huo simu inalia. Ni dada, kutoka nyumbani. Nyanya haamki kitandani tangu wiki iliyopita, mgongo umeanza kuwa mwekundu, wamempaka poda. Nesi anatoka kwenda koridoni, anageuza kamera, anataka aonyeshwe pale penye wekundu. Poda waiweke kabatini. Wamgeuze ubavu sasa hivi, mto katikati ya magoti, visigino visiguse godoro, na baada ya saa mbili wamgeuze tena, hata usiku, wapokezane. Halafu anauliza nyanya anaongea vipi leo, kama jana au tofauti, na kama amekunywa maji. Dada anasema maji yanampalia. Nesi ananyamaza kidogo, kisha anauliza kama kuna uji uliobaki, na mzito kiasi gani.